Kiti Katikati ya Ukumbi

Kiti chenyewe kilikuwa cha chuma, cha kukunjwa, rangi imebanduka pale pa kukalia, na mguu mmoja umefungwa raba nyeusi usikwaruze sakafu. Ungekikuta kimeegeshwa mahali usingekitazama mara ya pili. Lakini ndani ya ukumbi ule wa michezo, Jumamosi asubuhi, hakuna aliyethubutu kukisogeza hata upana wa kidole. Kilikaa katikati kabisa, pale mistari ya uwanja inapokutana, na juu yake alikaa mwanamke mjane, mtandio kaufunga vizuri, saa ya kubonyeza mkononi, macho kwenye kenchi za paa.

Walimwita Mama Saa. Mtoto hakujaliwa, basi badala ya kuitwa kwa jina la mwanawe akaitwa kwa jina la ile saa, naye hakuchukia. Kazi yake ya siku zote ilikuwa kuoka mikate na kuipeleka madukani, na mtu aliyezoea kuchungulia tanuri ana subira ya kutosha kuchungulia kitu kingine chochote.

Wenzao Jumamosi walikwenda mpirani. Watu wa ukumbi ule walirusha vindege. Vindege vya balsa, ile mbao nyepesi ambayo ukiwekewa kiganjani unatazama tena kama kweli ipo. Havina injini, havina betri, havina uzi. Mtu anakishika kindege chake chini ya bawa, anakwenda hatua chache za mbio, halafu anakivurumisha juu kwa nguvu zake zote kama anayetaka kutoboa bati. Kikikaribia kenchi kinaishiwa nguvu, kinalalia ubavu, kinatulia, na kuanzia hapo kinaelea. Kinazunguka na kushuka, kinazunguka na kushuka, na shughuli yote ni moja tu: kikawie kutua. Mgeni akishaelezwa hivyo huuliza, "Halafu?" Nao humjibu, "Halafu tunarusha tena."

Walikuwa na taratibu zao, na taratibu hizo walizishika kama watu wanavyoshika za nyumba ya ibada. Milango ilifungwa, feni zilizimwa, watu waliketi sakafuni wameegemea ukuta. Mwenye mafua alibaki nje na bawabu. Kindege kikiwa hewani hakuna kusimama, hakuna kutembea, hakuna kupiga makofi, maana hatua ya mtu mmoja tu hutibua hewa ya ukumbi mzima. Kabla ya kurusha, Mwenyekiti wao, mzee aliyestaafu kazi ya posta, alichomoa usufi kidogo kutoka kwenye mto wa zamani, akauachia juu ya ngazi, na wote wakaufuata kwa macho waone hewa inaelekea wapi.

Wapimaji walikuwa wawili, saa mbili, na wakati uliochukuliwa ni ule wa katikati yao. Mpimaji akikosea, saa yake inatupwa, inabaki ya mwenzake. Kindege kikigusa sakafu, saa inasimama. Kikigusa mtu, au kitu chochote kilichowekwa sakafuni, saa inasimama vilevile.

"Hata kikigusa pua?" mgeni mmoja aliwahi kuuliza.

"Pua ya nani?" Mwenyekiti akamjibu. "Yako iweke mbali."

Ila ya Mama Saa ilikuwa katikati ya uwanja, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu kile kiti alikiweka marehemu mumewe.

Marehemu alikuwa seremala wa milango na madirisha, na ndiye aliyeuleta mchezo ule ukumbini. Siku ya kwanza alimshika mkewe mkono, akampeleka hadi katikati, akafungua kiti. "Wewe kaa hapa," alimwambia. "Nitakirusha kikuzunguke." Watu wakacheka, wakadhani ni mahaba ya ujanani yamechelewa kuisha. Kumbe mwenzao alikuwa na hesabu zake. Kindege chake kilikuwa na mabawa mapana, kilizunguka duara kubwa, kikipita karibu na kuta kama mwenye nyumba anayekagua ufa, na yeye alihitaji alama ya katikati ya kupimia duara lile. Alama yake akaifanya mkewe. Mwaka huohuo kindege kile kilikaa hewani dakika moja na sekunde nne, na jina lake likaandikwa kwa rangi nyeupe juu kabisa ya ubao uliotundikwa karibu na mlango. Halikushushwa na mtu hadi anafariki, na sasa ulikuwa mwaka wa nne tangu azikwe.

Kila Jumamosi, kabla hata ya kuketi, Mama Saa alisimama mbele ya ubao ule na kufuta vumbi kwa ncha ya mtandio. Jina la mumewe lilikuwa limeandikwa mahali pawili tu duniani. Kaburini, ambako siku hizi alikwenda yeye peke yake, na pale mlangoni, ambako kila aliyeingia alilisoma, hata kama hakuwahi kumjua mwenye jina. Angekuwa na mtoto, pengine asingelihesabu hivyo. Hakuwa naye.

Sasa, marehemu alikuwa na dada yake wa kufuatana naye, fundi cherehani, mwanamke wa maneno mengi na mkono mzito. Huyo ndiye wifi wa Mama Saa, na yeye pia alirusha. Tangu kaka yake yuko hai alikuwa wa pili ubaoni, na wa pili akabaki.

Alhamisi jioni wifi alikuja nyumbani. Alikuja na msasa wake na bawa moja, kama kawaida yake, akaketi upande wa pili wa meza ambapo Mama Saa alikuwa anakanda.

"Vumbi lako linaingia kwenye unga wangu," Mama Saa alisema.

"Litaupa wepesi. Mikate yako ya wiki jana ningeweza kujengea ukuta."

"Ulikula minne."

"Nilikuwa najenga."

Mama Saa alitabasamu, akaendelea kukanda. Wifi alipitisha msasa taratibu, akainua bawa kwenye mwanga wa dirisha na kufumba jicho moja. Lilikuwa limeshakuwa jembamba hata kivuli cha kidole kilionekana upande wa pili. Halafu akaliweka mezani, akajishika bega la kulia.

"Daktari kanitazama bega," alisema.

"Kasemaje?"

"Nikiendelea kurusha, mwakani hata mkasi sitashika. Na mimi bila mkasi nitakula nini? Hii mikate yako?" Alicheka kidogo peke yake. "Basi Jumamosi hii ndiyo mwisho wangu, wifi. Narusha zangu tatu, natundika."

"Umeamua vizuri."

"Sijamaliza. Kabla sijatundika, nataka kumpita kaka."

Mikono ya Mama Saa haikusimama. Alijua siku moja neno hilo lingetamkwa, ila hakutegemea litamkutia jikoni kwake, na unga hadi viwiko.

"Mpite. Nani kakukataza?"

"Kiti chako."

"Kiti changu kimekukosea nini?"

"Wifi, unajua. Kindege cha kaka kilizunguka mbali, hakikuwa na habari na wewe. Changu ni kidogo, kinazunguka papo hapo kama mbwa anayetaka kulala. Kikishuka, kinashukia pale ulipo. Kikikugusa kichwa tu, saa imesimama, na zile sekunde za kutoka kichwani kwako hadi chini ndizo ninazozitafuta." Aliinama mbele. "Nakuomba tu ukae ukutani na wenzako. Siku moja."

Mama Saa alikusanya unga wote ukawa donge moja, akaupiga kwa kiganja.

"Kiti kakiweka kaka yako. Mwambie yeye akitoe."

Wifi alimtazama. Akapuliza vumbi kwenye bawa, akalifunga ndani ya gazeti, akanyanyuka. Alipofika mlangoni aligeuka.

"Simfuti, wifi. Anashuka mstari mmoja tu."

"Leo mmoja. Kesho miwili."

Wifi alijishika bega lake akaenda zake.

Jumamosi alfajiri Mama Saa alisali kama alivyosali kila siku. Aliwaombea marehemu, akawaombea wagonjwa, akamwombea wifi yake bega. Halafu akaomba hewa ya ukumbini itulie, dua aliyokuwa akiiomba kila Jumamosi kwa ajili ya watu wote bila ubaguzi. Hapo ulimi ukamkwama. Alijua moyo wake una ombi jingine nyuma ya hilo, na ombi lenyewe si zuri. Hakulitamka. Lakini Mungu hangojei kuambiwa ndipo ajue, na Mama Saa aliinuka kwenye mkeka akiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyeonekana akichungulia dirisha la jirani.

Walianza mapema, kabla jua halijapasha mabati. Mabati yakishapata moto huanza kulialia, na hewa nayo huanza vurugu zake. Mama Saa alifuta ubao, akaenda katikati, akaketi. Mpimaji wa pili alikuwa mfamasia wa duka la pale jirani, kijana mpole mwenye miwani, aliyeketi ukutani upande wa mlango na saa yake mpya isiyokosea. Mwenyekiti alipanda ngazi na usufi wake. Akauachia. Ukaelea kushoto kidogo, ukasita, ukashuka wima, ukatua sakafuni karibu na kiti cha Mama Saa.

Watu waliutazama usufi ule, wakamtazama yeye, wakatazama kwingine.

"Hewa imetulia," Mwenyekiti alisema. "Fundi, uwanja wako."

Wifi alivua viatu. Alilamba kidole, akapapasa pua ya kindege chake, pale alipobandika tone la nta kukiweka sawa. Akapumulia ukingo wa bawa kuulainisha, akaukunja kidogo sana. Halafu akakimbia hatua zake, akarusha.

Kilikwenda juu kama kimeitwa. Kilikwenda juu mno, kikagonga kenchi, kikaanguka kikizungukazunguka kama jani, mkia umetengana na mwili.

"Umekirusha umuue nani?" mtu mmoja ukutani alisema.

"Njoo usimame kule juu, nitakuonyesha," wifi alijibu. Akaketi, akatoa gundi, akaunganisha mkia na kuupulizia hadi ushike. Mama Saa alikuwa karibu naye, aliona jinsi anavyokwepa kunyoosha mkono wa kulia.

"Bega?" alimuuliza chini chini.

"Bega ni langu, wifi. Wewe shughulika na saa."

Mara ya pili alikirusha vizuri. Kiliishiwa nguvu palepale panapotakiwa, shubiri chache chini ya kenchi, kikalala ubavu, kikaanza kuelea. Mama Saa alikuwa ameshabonyeza saa na sasa hakuitazama, alitazama kindege. Hiyo ndiyo kazi ya mpimaji, kuiamini saa na kutazama kindege. Kilishuka kikizunguka duara lake dogo, likisogea kila mzunguko kuelekea katikati, kama usufi ulivyofanya. Akakiona kinakuja. Hakutikisika. Hakuwahi kutikisika miaka yote ile, kwa nini atikisike leo? Kikapita usawa wa bega lake, kikapunguza mwendo, kikatua mapajani mwake taratibu kama mtoto anayetafuta usingizi.

Akabonyeza. Sekunde hamsini na nane.

"Hata kingefika chini kisingefika kwa marehemu," Mwenyekiti alisema baada ya saa zote mbili kusomwa. "Kwa hiyo hakuna kilichoharibika."

Wifi alikuja kukichukua. Akainama, akakiinua kwa vidole viwili kutoka kwenye gauni la Mama Saa.

"Kimekuja kukusalimia," alisema.

Watu walicheka kidogo, cheko la kupunguza uzito. Mama Saa naye alitabasamu, lakini ndani yake alikuwa ameisikia ile pumzi aliyoishusha kindege kilipomgusa. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyepona. Hakuipenda. Angeisikia kwa mtu mwingine angemwona mdogo.

Mfamasia alijikohoza. "Mama, samahani," alisema kwa adabu zake. "Imebaki moja tu. Si tungekisogeza kiti hadi ukutani? Kwa dakika chache tu, halafu kirudi."

Mama Saa alijua kwamba akisema hapana hakuna atakayembishia, na kwamba wote wangependa aseme ndiyo. Alikuwa hajafungua mdomo wakati wifi alipojibu.

"Mwache." Wifi hata hakugeuka. Alikuwa anakwangua nta kwenye pua ya kindege kwa ukucha. "Kiti kina mwenyewe. Kaka alikiweka pale, na mimi nilimcheka siku ile. Kikae. Mimi nitarusha kama kilivyo."

"Lakini fundi..."

"Nimesema kikae. Wewe kijana uza dawa."

Juu bati la kwanza likalia, tiki. Muda ulikuwa umekwisha wa kubishana. Wifi alisimama kwenye alama yake, akatingisha bega, akauma meno. Akakimbia, akarusha, na mara hii sauti ilimtoka, sauti ndogo ya maumivu, akabaki ameinama amejishika mkono.

Kindege hakikujua habari za bega. Kilipaa, kikapunguza mwendo, kikafika chini kabisa ya kenchi bila kuigusa, kikalala ubavu kama mtu anayejigeuza kitandani. Kikaanza kuelea. Hata wasiojua waliona kwamba huu si mruko wa kawaida. Kilikuwa hakishuki. Kinazunguka, kinazunguka, na bado kiko juu, mabawa yanameta kila yanapopita chini ya kioo cha paa. Mzee mmoja ukutani alifungua mdomo akasahau kuufunga.

Mama Saa alikifuata kwa macho. Mwili wake ulikuwa unajua wakati bila kutazama saa, kama unavyojua mkate umeiva kabla ya kufungua tanuri, na mwili ukamwambia: hiki ndicho. Kindege kikaacha kuning'inia, kikaanza kushuka, polepole, na kila mzunguko ukasogea kwake. Kilikuwa bado juu ya vichwa, urefu wa watu wawili. Kingekuja pale pale. Kingemfikia kichwani.

Akaona wazi kabisa kwamba hakuhitaji kufanya dhambi yoyote. Asingesema uongo, asingebonyeza mapema, asingenyoosha mkono. Angekaa tu. Angekaa kama alivyokaa siku zote, na hakuna kiumbe ambaye angemlaumu. Wifi mwenyewe alikuwa amesema kiti kikae. Angekaa, na jina lingebaki juu ya ubao, na wifi asingerusha tena maishani.

Akatazama juu, kindege kikapita katika mwanga, akamwona mumewe amesimama pale wifi aliposimama. Hakumwona kama mtu aonavyo njozi. Alimkumbuka tu: shingo imepinda nyuma, mdomo wazi, hajali kinachoruka ni cha nani, anasema kwa kunong'ona, kaa juu, kaa juu, kaa. Mwanamume yule alikuwa akikiombea hata kindege cha mtu aliyekuja kumshinda.

Mama Saa akashuka kwenye kiti.

Alishuka taratibu, maana haraka ingetibua hewa. Alitelezea mbele, goti moja likagusa sakafu, halafu la pili. Akaketi chini, akajilaza chali, gauni lake la Jumamosi na mtandio na vyote. Mkono wa kulia haukuachia saa. Kwa wa kushoto akaushika mguu wa kiti, ule wenye raba, akauvuta, na kiti kile ambacho hakikuwahi kukunjwa kindege kikiwa hewani tangu kifunguliwe na mwenyewe kikatoa mlio mdogo wa kutu, kikakunjika, kikalala sakafuni ubavuni pake.

Ukutani watu walitoa macho. Hakuna aliyenyanyuka. Kindege kilikuwa hewani.

Kikaja. Kikapita pale ambapo kichwa chake kingekuwepo, kikapita pale ambapo mapaja yangekuwepo, kikaendelea. Kikapita juu ya uso wake karibu sana hata akaona nyuzi za mbao ndani ya bawa, mwanga umezipenya, na akahisi upepo wake mdogo kwenye kope. Hakupumua. Kikavuka kidevu, kikavuka kifua, kikavuka miguu, akainua kichwa kidogo tu akifuate kwa jicho, na kule mbele ya visigino vyake tumbo la kindege likaigusa sakafu.

Akabonyeza.

Ndipo ukumbi wote ukasimama kwa pamoja. Wa kwanza kumfikia alikuwa mfamasia, miwani imemwendea upande. "Mama, mama, unanisikia? Unahisi kizunguzungu?"

"Nahisi sakafu," Mama Saa alisema. "Ina baridi. Nisaidie niketi."

"Nilidhani umezimia." Kijana alitazama saa yake, uso ukambadilika. "Nimebonyeza. Nilipokuona unaanguka nikashtuka, nikabonyeza."

Basi saa yake ikawa haifai. Mwenyekiti alipiga magoti karibu na Mama Saa, kwa shida, akimshika mkono. Kwa pale walipoketi ukutani, alisema, hawakuweza kuona kama kindege kimemgusa au kimempita tu. Alikuwa amelala, nacho kilipita chini sana. Ni yeye peke yake anayejua, na ni saa yake peke yake iliyobaki.

"Kimekugusa?"

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya wote, bado kajishika bega. Alimtazama tu.

"Hakikunigusa," Mama Saa alisema. "Kilipita. Nilikiona mwanzo hadi mwisho."

Mwenyekiti alichukua saa kutoka kiganjani mwake, akaisogeza mbali na macho yake ya uzee, akaisogeza karibu. Dakika moja na sekunde sita.

Sasa wakapiga makofi, yote waliyokuwa wameyabana. Wifi hakupiga. Alikuja akajitupa sakafuni kando ya Mama Saa, kati yao kimelala kile kiti kilichokunjwa.

"Ningekuwa nimekufa kweli je?" Mama Saa aliuliza. "Mtu anaanguka mbele ya macho yenu, hata mmoja haji."

"Kilikuwa hewani, wifi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tungekuzika kikishatua."

Mama Saa alicheka hadi mtandio ukalegea. Wifi naye alicheka, halafu kicheko kikamgeuka, akajifuta macho kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haukunyanyuka.

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kuahirisha. Alileta kopo la rangi nyeupe na brashi yake nyembamba, akapanda kigoda mbele ya ubao. Jina la marehemu hakulifuta. Aliandika juu yake, pale palipokuwa na nafasi ya mstari mmoja, kwa herufi za mkono wa posta zilizonyooka. Aliandika jina la wifi, na baada yake jina la baba yao. Mama Saa alisimama chini akisoma herufi moja moja zikitokea. Hilo hakuwa amelifikiria. Ndugu wale wawili walikuwa na baba mmoja, na sasa jina la baba mkwe wake lilisimama mara mbili juu ya ubao, moja juu ya jingine, kama watu wa nyumba moja waliopanga foleni.

Vindege vya wengine viliendelea kurushwa hadi mabati yalipozidi kulia. Mama Saa alikibeba kiti chake mwenyewe, akakifungua kando ya ukuta karibu na wifi, akapima kutoka hapo. Miaka yote hakuwahi kuviona kwa upande. Kutoka katikati, mtu huona matumbo ya vindege tu na shingo humuuma. Kutoka pale aliona duara zima, linavyojichora na kushuka, na aliona nyuso za watu zikilifuata.

Walipomaliza, watu walitoka mmoja mmoja na bawabu akaja na funguo. Mama Saa alipofika mlangoni alisimama mbele ya ubao kama alivyozoea. Alishika ncha ya mtandio, akainua mkono kufuta. Wifi akamdaka kifundo cha mkono.

"Rangi mbichi hiyo, wifi. Utanifuta."

"Ningetaka kukufuta," Mama Saa alisema, "ningebaki kitini."

Akaushusha mkono mstari mmoja, kwenye rangi iliyokauka zamani, akafuta vumbi taratibu, herufi baada ya herufi, huku wifi amemshikia kiti.